Ndege Aliyejua Mluzi wa Babu

Enzi zetu maji yaliitwa kwa mluzi. Shangazi yangu Elieshi akinisikia nikisema "enzi zetu" hucheka mpaka anashika kiuno, ananiuliza ni enzi zipi hizo wakati sina hata unywele mmoja wa mvi. Lakini wewe uliyesoma shule ya msingi milimani Upareni kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, utanielewa. Kuna vitu tulivikuta vikiwa hai, tukavizoea, na kabla hatujafika miaka thelathini vikawa havipo. Mimi nilichopoteza ni mluzi. Ulikuwa mluzi wa babu yangu, na leo simjui mtu wala ndege anayeweza kuupiga.

Kwa asiyejua, juu ya kijiji chetu cha Msangeni kulikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo lililochimbwa na wazee wa zamani kukinga maji ya kijito. Lilijaa usiku, likafunguliwa asubuhi, na maji yakashuka kwa mfereji mmoja uliopita kando ya mashamba yote, kila nyumba kwa zamu yake. Ukimaliza kumwagilia ulipiga mluzi. Jirani wa chini akisikia, anakuja na jembe, anaziba mlango wa shamba lako kwa mawe na mabonge ya nyasi, na maji yanaendelea kwake. Kila nyumba ilikuwa na mluzi wake ili watu wasichanganye. Wa babu ulianza chini, ukapanda taratibu kama mtu aliyebeba kuni, ukatulia kidogo huko juu, kisha ukadondoka. Ndivyo ninavyokumbuka. Nikisema kweli, sina uhakika na huo mdondoko, na nimeifuta sentensi hiyo mara nyingi kabla ya kuiacha hivyo ilivyo.

Wazazi wangu walikuwa Hedaru, kwenye duka lao kando ya barabara kuu, na joto la kule lilitutoa damu puani. Ndiyo maana mimi na kaka yangu Mbazi tulilelewa milimani. Nakumbuka asubuhi za ukungu, tunakwenda shule na fagio begani na kuni moja kwapani, kandambili zinateleza kwenye tope mpaka unaamua kuzivaa mikononi. Nakumbuka makande ya bibi yaliyolala jikoni usiku kucha, asubuhi yakapashwa moto na kuliwa kabla hata hujanawa uso. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi. Tuliteleza mtelemko mzima juu ya gogo la mgomba, kaptula zikatoboka, na bibi akazishona kwa uzi wa rangi yoyote uliokuwapo. Siku hizi namwona binamu yangu mdogo amelala kifudifudi na simu, anacheza mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na anaomba asisumbuliwe kwa sababu amechoka.

Ila tulichokipenda zaidi kilikuwa mfereji. Tulijenga vijimfereji vyetu pembeni, tukavipa zamu, tukawa tunapigiana miluzi kama watu wazima. Yaani wavulana walipiga. Sisi wasichana tulikatazwa. Nikibana midomo tu, bibi angetokea nyuma ya jiko utadhani ameambiwa.

"Namsifu! Msichana anapiga mluzi? Unamwita nani?"

"Namwita Mbazi alete maji, bibi."

"Mwite kwa mdomo aliokupa Mungu."

Kwa hiyo nilipiga kelele, na Mbazi akapiga mluzi. Mluzi wa babu aliujua vizuri kabisa. Mimi niliujua kwa masikio tu.

Kando ya mfereji, kwenye vichaka vya nyuma ya jiko letu, aliishi ndege mmoja. Vitabu vinamwita kurumbiza. Sisi tulimwita ndege wa mfereji. Kifua chake ni cha rangi ya chungwa bivu na juu ya jicho ana mstari mweupe kama nyusi za mzee. Huyu ndege hana wimbo wake peke yake. Anaokota. Anamwiga tetere, anamwiga kifaranga aliyepotea, halafu anamalizia kwa kitu alichokisikia kwa watu. Na kitu alichokisikia kwetu kila siku ya zamu, bila kukosa, kilikuwa mluzi wa babu.

Asubuhi moja babu alikuwa amefungulia maji kwenye mahindi, akarudi jikoni kunywa uji wakati maji yanatambaa. Kumbe jirani yetu wa chini, Mama Nakunda, amesikia mluzi. Akaja na jembe lake, akaziba, akayapeleka maji kwake. Babu kurudi shambani, nusu ya mahindi imelowa na nusu ni vumbi.

"Mama Nakunda! Ni nini hiki?"

"Ni zamu yangu, baba. Si umeniita?"

"Nimekuita saa ngapi? Mimi nilikuwa na kikombe cha uji mdomoni!"

"Basi ulipiga mluzi na uji. Mimi si kiziwi."

"Sijapiga!"

"Umepiga! Mpaka watoto wangu wamesema, babu Mbazi leo kamaliza mapema." Babu aliitwa hivyo kwa jina la mjukuu wake wa kiume.

Walipandishiana sauti hivyo, sisi tumesimama na midomo wazi, mpaka mluzi ukasikika tena. Ulitoka kichakani, hatua chache tu kutoka walipo. Ulianza chini, ukapanda, ukatulia. Babu alikuwa amefumba mdomo na kila mtu alikuwa anamtazama. Ndege akaruka juu ya kijiti, akatikisa mkia, akaupiga mara nyingine mbele yao wote kama shahidi anayeapa.

Mama Nakunda aliachia jembe. Alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Babu hakucheka siku ile. Alicheka kesho yake, na akaendelea kucheka kila alipokisimulia kisa hicho kanisani. Aliongeza kipande kipya mwishoni mwa mluzi wake ili watu wautofautishe na wa ndege. Kabla ya mavuno ndege alikuwa amekiongeza pia. Mwishowe babu akawa anapiga mluzi huku anapunga shati, na Mama Nakunda akawa hashiki jembe mpaka aone shati.

Babu alifariki nikiwa sekondari huko Same. Nyumba nyingi zikavuta mabomba, ndiva ikajaa matope na magugu, na aliyebaki na zamu alimpigia mwenzake simu. Leo kuna kundi la WhatsApp la maji. Mtu anaandika "Maji yanashuka jamani", watu thelathini wanajibu kwa alama ya dole gumba, na hakuna anayejua yameshuka kwa nani. Nilijua kwamba miluzi imekwisha. Ndege sikumfikiria kabisa.

Sasa nije kwenye kamera. Hakuna aliyenifundisha. Nina chumba kidogo Same mjini ambako napiga picha za pasipoti, na Jumamosi napiga harusi na kipaimara. Nilijifunza kwa kutazama video na kwa kukosea. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Tangu mtoto nilikuwa nafuta daftari mpaka karatasi inatoboka. Bibi harusi anaweza kuwa amefurahi na picha zake zote, mimi nitakaa juma zima nikiiwaza moja ambayo kope zake zimeshuka kidogo. Siku moja niliona picha ya ndege mdogo iliyopigwa kwa karibu sana, kila unyoya unahesabika, na jicho lake lina mwanga ndani. Nikajisemea, hii ndiyo kazi. Ndege hawezi kuniambia nimpunguze mashavu.

Nilijifunza kwamba ndege hapigwi kwa kumnyemelea. Unamjengea kibanda cha maficho, unamwekea maji na kijiti cha kutua, unakaa ndani kimya, lenzi tu inachungulia, mpaka akusahau. Na ndege nimtoe wapi kama si nyumbani? Kiangazi kilichopita nikafunga chumba changu, nikapanda basi mpaka Mwanga, nikapata gari la kupanda mlima, nikafika Msangeni na begi la kamera limefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga.

Bibi alikuwa akiishi na mtoto mmoja wa Mama Nakunda aliyemsaidia kazi. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho kwenye yote mawili. Aliniona kama kivuli mlangoni, lakini alinijua kwa hatua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Umekonda?"

"Bibi, hunioni vizuri, umejuaje?"

"Unatembea kama uliyekonda."

Nilipomweleza nilichofuata alifurahi sana. Akanionyesha kwa kidole, bila kuona, mahali penyewe. "Huyo yupo. Kila asubuhi yupo hapo nyuma ya jiko. Mimi hunywa chai pale kizingitini, yeye anaimba." Nilimsikia. Nilisikia neno "nyuma ya jiko", na akili yangu ikaenda kwenye kupima mwanga.

Kibanda nilikijenga kwa viroba vilivyofumuliwa, chandarua cha zamani na majani makavu ya migomba. Ndani niliweka kigoda na stendi ya kamera. Nilipomaliza, bibi alikigusagusa pande zote.

"Choo cha nani hiki?"

"Si choo, bibi. Ni maficho."

"Basi waambie watu, maana mimi ningeingia."

Nilidhani tatizo langu litakuwa ndege. Kumbe ndege alizoea siku ya pili; watu ndio hawakuzoea. Kwetu huwezi kumpita mtu bila salamu, na huwezi kumwona mzee ukakaa kimya. Mzee Kanaeli, anayekata majani ya ng'ombe upande wetu, alipita wakati kurumbiza ndiyo kwanza ametua kwenye kijiti. Akasimama mbele ya kibanda.

"Hodi hapo!"

Nikanong'ona, "Shikamoo, babu."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Namsifu."

"Unaumwa?"

"Hapana, babu. Nampiga picha ndege."

"Ndege gani? Mimi sioni ndege."

"Ameshakimbia."

"Aa. Na salamu yako sijaisikia."

"Shikamoo!" nilipaza sauti, na tetere wote wa bondeni wakaruka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo sasa ndiyo salamu." Akaenda zake. Jioni nikasikia kwamba ameshamwambia bibi, mjukuu wake aliyesoma mjini amejifungia ndani ya viroba ili asiwasalimu wakubwa.

Picha zangu za mwanzo zilikuwa mbaya. Pale nyuma ya jiko mparachichi ulitia kivuli, na moshi wa kuni uliifanya kila picha ionekane imefutwa kwa kitambaa kichafu. Tena bibi alikuwa anatoka na kikombe chake, na hata akitembea polepole ndege alishtuka. Nikamwomba, kwa adabu zote, awe anakunywa chai ndani asubuhi.

"Sawa, mama. Hata ndani nitamsikia."

Bado sikuridhika. Chini ya shamba, karibu na mfereji wa zamani ambao sasa ni mkavu, kulikuwa na uwazi ambako jua la asubuhi linaingia kwa upande, laini, la rangi ya asali. Nikahamisha kibanda. Nikahamisha beseni la maji na kile kijiti chenye ukungu wa kijani. Kilikuwa kiangazi, maji hayakuwapo pengine, na ndege akayafuata. Niliona fahari. Nilijiona fundi niliyempanga ndege kama ninavyopanga maharusi.

Kila asubuhi nilishuka gizagiza la alfajiri likiwa linaondoka, na kila nilipopanda bibi aliniuliza swali moja.

"Leo kaimba?"

"Ameimba, bibi, ila aligeuka."

"Leo kaimba?"

"Ameimba sana. Ila jua lilikuwa kali, kifua kimeungua."

"Kimeungua?"

"Kwenye picha, bibi."

"Aha."

Sikujiuliza kwa nini anauliza. Ndege yule aliimba mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliona koo lake likitetemeka, na mimi nilikuwa nasikiliza mlio wa kamera. Nilikuwa nangoja kitu kimoja: kichwa juu, mdomo wazi, jicho safi, tone la maji kifuani. Akiimba huku amenipa mgongo, nilikasirika. Nilimkasirikia ndege kwa kuimba vibaya, na alikuwa anaimba vizuri.

Siku niliyoipata picha yenyewe nilijua kabla sijaitazama. Ndege alioga, akarukia kijiti, akajikung'uta, akainua kichwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilipanda mtelemko mbio na kamera mkononi, nikamkuta bibi amekaa ndani karibu na dirisha.

"Bibi, nimempata! Tazama!" Nikamshikisha kamera, nikasahau kwamba haoni. Alipitisha kidole juu ya kioo.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa. Ameinua kichwa, mdomo uko wazi kabisa."

"Alikuwa anasema nini?"

Saa hiyo hiyo, kama mtu aliyeulizwa rangi ya nguo ya mtu aliyetoka kuongea naye, nikagundua kwamba sijui.

"Alikuwa anaimba tu, bibi."

Akanirudishia kamera taratibu. "Mimi siku hizi simsikii," akasema. "Namshukuru Mungu kwamba bado yupo. Nilidhani ni masikio, yameyafuata macho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mtu mzima akisema hasikii mnaanza kumpigia kelele. Nikasema nitulie, nijizoeze. Ila ule wa babu yako ndio umenisumbua. Asubuhi bila ule wa maji, naona kama sijaamka."

"Ule wa maji? Bado anaupiga?"

Bibi alinigeukia, na ingawa macho yake hayakuwa yakiniona, nilitazama chini.

"Wewe umekaa naye huko siku zote hizi. Huujui?"

Huenda hakuwa yule yule wa utotoni. Huenda ni mtoto wake au mjukuu, aliyefundishwa na mzee wake. Sijui. Ninachojua ni kwamba miaka yote hiyo baada ya mazishi, bibi alikuwa anakunywa chai yake na mumewe akimwita jirani aje achukue maji. Hakumwambia mtu. Nilimwingiza ndani kwa ajili ya picha, kisha nikamchukua ndege nikampeleka kwenye mwanga mzuri, ambako miguu ya bibi haiwezi kushuka. Na nilipokuwa ninausikia mluzi wa babu kila siku, kutoka mdomo ulio mbele ya lenzi yangu, sikuutambua.

Alasiri ile ile nilikibomoa kibanda. Nilirudisha beseni nyuma ya jiko, nikarudisha kijiti, nikamtoa bibi nje na kiti chake, nikakaa karibu naye. Ndege hakuja. Kesho yake hakuja. Halafu vuli ikaanza, mapema na kwa fujo, kila jani likawa na maji ya kunywa, na ndege hakuwa na sababu tena ya kupanda mpaka kwetu kwa ajili ya beseni. Bibi alikaa pale kizingitini na khanga kichwani. Nilipomwambia aingie, ananyeshewa, alijibu, "Acha kwanza."

Nikashuka bondeni na simu kurekodi. Nilimkuta kurumbiza mmoja akiimba ndani ya kichaka, simwoni, nikarekodi mpaka chaji ikaisha. Jioni nikamwekea bibi asikilize. Alisikiliza kichwa kimeinama, anachambua kama mtu anayechagua maharage.

"Hapo anamwiga tetere. Hapo ni kuku. Hicho ni nini?"

"Honi ya bodaboda, bibi."

"Mh. Hata honi?" Akasikiliza mpaka mwisho. "Wa babu yako haumo. Huyu si yule; ni kijana, hakumkuta."

Nikampigia kaka Mbazi, yuko Dar es Salaam, anafanya kazi bandarini. Nilimwomba apige mluzi wa babu. Alicheka kwanza, akaniuliza kama nimeokoka upya au nimeachwa. Nilipomweleza, akajaribu.

"Ulikuwa hivi," akapiga. "Hapana. Ngoja. Ulikuwa unapanda hivi."

"Huo ni wa mpira, Mbazi."

"Ee, kweli, huo ni wa mpira." Akajaribu tena, na tena, nikasikia wenzake nyuma wakimuuliza anamwita mbwa gani. "Dada," akasema mwishowe, "naujua. Naujua kabisa. Ila mdomo hauutoi." Tukakaa kwenye simu, kila mmoja akijaribu moyoni.

Mimi mwenyewe nimejaribu, nikiwa peke yangu chumbani, mlango umefungwa. Nina umri wa kutosha na hakuna wa kunikataza. Unatoka upepo tu. Nikipata kupanda, nakosa kutulia. Nikipata kutulia, sijui unadondokea wapi. Na ninavyojijua, hata siku nikiupata sitaamini kwamba ndio.

Mvua zilipotulia shangazi Elieshi alikuja kumchukua bibi, akatibiwe macho. Alifanyiwa upasuaji na baada ya hapo shangazi hakukubali arudi kuishi mlimani na matope yale. Sasa bibi yuko Same, kwenye nyumba ya bati kali, malori yanapita na kuku wa jirani wanaparua vumbi. Ndege wapo. Kuna chiriku kwenye waya na shomoro kwenye dari. Hawa wanaimba vya kwao tu.

Picha yangu imependwa. Niliiweka mtandaoni na watu wengi wasionijua wakaisifu, na kijana mmoja wa kwetu aliyezaliwa na kukulia Msangeni akaniuliza ni ndege wa nchi gani. Mwingine akauliza nimetumia programu ipi kumtengeneza. Sikuwajibu. Wadogo zetu hawana kosa. Mfereji wameukuta mkavu, na wakisikia kitu kinalia kichakani wanajipapasa mfukoni kuona kama ni simu. Sisi tulikuwa na ndege huyu kila siku na hatukuwa na picha yake hata moja. Hatukujua ana nyusi ngapi au kifua chake kinafifia wapi kuingia tumboni. Tulikuwa tunakimbia na majembe kwa kumsikia. Mimi leo naweza kukueleza kila unyoya.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa shangazi baada ya ibada. Bibi alikuwa ameanza kuona vizuri, alinitazama mlangoni akasema, "Kumbe kweli umekonda." Nilikuwa nimeisafisha ile picha, kubwa, kwenye fremu ya mbao. Niliogopa kumpa, nikaiacha kwenye mfuko mpaka shangazi alipoitoa mwenyewe na kuiweka mapajani mwa bibi.

Aliitazama muda mrefu. Alifuata kwa kidole ule mstari mweupe juu ya jicho, akafika kwenye mdomo uliofunguka, akaacha kidole hapo.

"Ni mzuri," akasema. "Ni mzuri kuliko nilivyodhani. Babu yako asingemjua huyu."

"Kwa nini, bibi? Si walikuwa wanaonana kila siku?"

"Walionana," akasema bibi. "Ila hakuwahi kumwona amenyamaza."